Jambo Ambalo Hukuambiwa

Halima alizikwa Ruiru siku ile ile aliyofariki, kama dini yake inavyotaka, na mimi sikupata hata muda wa kukasirika vizuri. Wanaume walimbeba kwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki nyumbani kwake tukichagua mchele. Binti yake, Rehema, ambaye siku hizi ni mtu wa ofisi kubwa Nairobi, alikuja akaketi mkekani karibu nami. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Ili tuzungumze kitu kisichokuwa kifo, akanisimulia kwamba kazini kwao waliletewa mtaalamu wa kuwafundisha kujitafakari jioni. Walipelekwa hotelini, wakapewa maji ya chupa, wakaambiwa kwamba mtu akimaliza kazi akae kimya kidogo, ajiulize siku yake ilikwendaje, ili kesho awe na nguvu ya kufanya kazi zaidi. "Anti, ni vitu vipya," akasema, "lakini zinasaidia." Nilicheka. Nilicheka pale pale matangani, mchele ukanimwagika, na wanawake wakanigeukia kana kwamba nimepandwa na kichaa. Sikuomba radhi, wala siombi sasa. Vitu vipya! Mama yake alivifanya kila jioni katika chumba cha mbao huko Kiganjo, pembeni ya mji wa Thika, na miguu yangu ilikuwa ndani ya karai.

Mwaka ninaousimulia ni mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, nilipoingia kiwanda cha nguo mjini Thika nikiwa kibarua. Nilitoka magharibi mwa nchi, na mengine ya huko hayahusu habari hii. Halima alishona katika kiwanda hicho hicho, na alikuwa na nafasi ya kitanda chumbani kwake, kwa sababu mwenzake aliyekuwa akikaa naye alikuwa ameolewa. Ploti yenyewe ilikuwa safu mbili za vyumba zilizotazamana, katikati kamba za nguo na bomba moja lililokohoa zaidi ya kutoa maji. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, pazia la maua katikati yake, stovu ya mafuta ya taa juu ya kreti ya soda, na mkeka wa kuswalia wa Halima umekunjwa juu ya sanduku. Ukuta wa mbao tuliubandika magazeti kuzuia upepo, lakini magazeti hayazuii sauti. Upande wa pili wa mbao hizo aliishi Baba Kimani, soja wa geti pale pale kiwandani kwetu, mtu mzima ambaye mke na watoto walikuwa Murang'a. Tulimsikia akivua buti, akikohoa, akibishana na redio yake wakati wa habari. Yeye naye alitusikia sisi. Ukitaka kuishi kwenye ploti ni lazima ulikubali hilo mapema.

Jioni yangu ya kwanza nilirudi kutoka kazini vumbi la kitambaa likiwa limenijaa mpaka kwenye kope. Nilitaka kitanda tu. Halima alikuwa amemaliza kuswali magharibi, leso kiunoni, na ameweka karai mlangoni lenye maji ya vuguvugu na chumvi kidogo.

"Vua viatu. Weka miguu hapo."

"Kwani miguu yangu inanuka, Dada Halima?"

"Inanuka kiwanda. Weka."

Nikaweka. Akavuta stuli, akaketi mbele yangu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo umefanya nini chenye hukuambiwa?"

"Nimeshona kola."

"Hiyo uliambiwa."

"Nimekunywa chai."

"Kengele ndio ilikuambia."

"Nimeenda choo."

"Na ulichukua kibao kwa supavaiza ama hukuchukua?"

Nilichukua. Kilikuwa kibao cha mbao kilichotundikwa kwenye meza ya msimamizi. Bila hicho huendi, na kama mwenzako amekwenda nacho, unangoja na tumbo lako. Nilikuwa nimechoka, hasira ikaanza kunipanda. "Basi siku ilikuwa poa tu, tupike," nikamwambia.

"Poa ni jibu ya makanga wa matatu," Halima akasema. "Wewe si gari. Kesho utajaribu tena."

Nililala nimemchukia. Nilijiona nimetoka kwa msimamizi mmoja nikaja kulala kwa mwingine. Lakini kesho yake, nikiwa kwenye mashine, swali lile lilinikaa kichwani kama mbegu ya pera kwenye jino. Kola, kola, kola. Sikuwahi kuona shati zima. Kola zilikuja kwenye boksi upande huu na kuondoka kwenye boksi upande ule. Nikatafuta siku nzima jambo moja ambalo ni langu, nikalikosa. King'ora kilipolia saa kumi na moja, badala ya kufuata kundi lililokwenda moja kwa moja Kiganjo, nilizunguka upande wa soko. Kulikuwa na mzee ananoa visu kwa baiskeli iliyosimamishwa, anakanyaga pedali na cheche zinaruka. Nikasimama nikamtazama mpaka alipomaliza panga la mtu. Hakuna aliyeniambia nisimame. Jioni, miguu ikiwa ndani ya maji, nilipomweleza Halima, hakunisifu wala hakunichekea. Aliitikia kwa kichwa, akasema, "Hiyo ni yako," halafu akaleta swali la pili: "Na umeingia na nini ya kiwanda?" Nikasema nimeingia na sauti ya Mista Kariuki, msimamizi wetu, aliyenipigia kelele mbele ya watu kwa sababu ya uzi uliokatika. Akaniambia basi niiache ndani ya karai, niinuke, niende nikaimwage mwenyewe. Maji yalikuwa shida Kiganjo, hatukuweza kuyamwaga ovyo, kwa hiyo tuliyapeleka kusafishia choo cha ploti. Sauti ya Mista Kariuki ilisafisha choo kile mwaka mzima, na kusema kweli ilisafisha vizuri.

Masharti ya Halima yalikuwa machache na hakuyaeleza. Ulijifunza kwa kukemewa. Hupiki kabla ya karai. Humjibii mwenzako swali lake. Humpi mtu shauri mpaka chakula kiive, kwa sababu, alivyosema, mwenye njaa hushauri vibaya. Na yeye mwenyewe alijibu pia, zamu yake ilipofika, na si kila mara kwa heshima. Kuna siku alisema jambo lake la siku ile ni kwamba amemtusi Kariuki kwa Kiarabu, naye Kariuki akadhani anaombewa, akasema amina. Alinieleza kwamba kwao Majengo bibi yake alimfundisha kujihesabu kila siku mbele ya Mungu. Maji na chumvi aliongeza yeye alipoingia kiwandani, kwa sababu miguu ilikuwa inavimba. Hayo tu. Hakuna mtaalamu, hakuna maji ya chupa. Na ninapomsikia mtu akisema kwamba ujitafakari jioni ili kesho uzalishe zaidi, damu inanichemka, maana Halima hakusema neno kama hilo hata siku moja. Hakutafuta kuwa mfanyakazi bora. Alikuwa tayari fundi kuliko wote waliokuwa ukumbini, na walilijua hilo. Alijiuliza ili kazi isimmalize. Kiwanda kilikuwa na mchana wake wote, na yeye alikikatalia jioni. Ukimgeuzia jambo hilo liwe chombo cha kiwanda, umemwibia marehemu.

Baada ya karai ndipo tulipokula, na chakula cha mwaka ule nakikumbuka kuliko vyote nilivyokula hotelini baadaye. Ugali na sukuma wiki, mara nyingi. Ijumaa Halima alipika pilau isiyo na nyama, akaijaza bizari nyembamba mpaka ploti nzima ikafungua madirisha. Wanjiru, msichana aliyeketi mashine ya pembeni yangu akishona vifungo, alianza kuja akileta githeri ya kwao kwenye bakuli la bati. Alikuja kwa ajili ya pilau, hakuficha, lakini Halima hakuruhusu mtu kula bila karai. Mara ya kwanza Wanjiru alitazama maji tuliyokuwa tumekwisha kuyatumia, akarudi nyuma.

"Ngai! Nioge na maneno ya Kariuki ya watu wote?"

"Zako ndio ziko mingi zaidi," Halima akamwambia. "Vua."

Akavua. Alipoulizwa swali la kwanza alicheka, akacheka tena, kisha akaanza kulia bila kutarajia, na hatukumnyamazisha. Katikati ya mwaka walikuja wengine wa laini yetu, wanawake wa Kiganjo na wawili waliotoka kwetu magharibi. Tulikaa kwenye vitanda, karai likapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine, kila mtu akasema lake kwa zamu na wengine wakanyamaza. Ukitutazama kutoka nje ungedhani ni ibada, na kwa kweli Mkristo na Mwislamu hawakuwahi kukaa kwa amani namna ile mahali pengine ninapopajua.

Kisha ikaja oda kubwa ya mashati ya kwenda ng'ambo, na pamoja nayo ikaja ovataimu. Iliitwa ya kujitolea. King'ora kililia saa kumi na moja kama kawaida, lakini geti halikufunguliwa, na Mista Kariuki akapita kati ya mashine akisema anayetaka kwenda anaweza kwenda, ila atakumbuka nani alikwenda wakati wa kuandika watu. Kuandikwa ndiko kulikuwa ndoto yetu sote vibarua. Kibarua alisimama getini kila Jumatatu asubuhi akingoja jina lake lisomwe. Aliyeandikwa aliingia tu, akiugua alitibiwa, akizaa alirudi akakuta mashine yake. Nami niliitaka nafasi hiyo, sitajifanya sikuitaka. Nilibaki. Nilibaki jioni baada ya jioni, nikirudi chumbani giza limeingia, nakula nimesimama, nalala na nguo za kazi. Karai nililiruka. Halima, ambaye alikuwa ameandikwa miaka mingi na alibaki siku chache tu, hakunilaumu. Ila alfajiri moja aliniamsha, akafunua blanketi upande wa miguuni, akaniambia nitazame. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga. Nilikuwa nimelala, na mguu ulikuwa unakanyaga pedali ya mashine isiyokuwepo.

"Huo mguu ni ya nani?" akaniuliza.

Nilikaa kitandani nikaushika kwa mikono miwili mpaka ukatulia, na nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Umaskini haukunitisha hivyo. Siku hiyo king'ora kilipolia nilikunja aproni yangu nikaenda getini kati ya wachache walioruhusiwa kwa sababu ya watoto wachanga, nikamwambia Baba Kimani na mimi nina mtoto. Alijua sina. Alinitazama miguu, akafungua. Tangu hapo nikachagua jioni mbili katika wiki ambazo ni zangu, na wenzangu nao wakaanza kuchagua zao, mmoja kwa jino, mwingine kwa shemeji mgonjwa. Kariuki hakuwa mjinga. Aliona mashine zinabaki wazi, na zote za wanawake walewale.

Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Aliniita ofisini kwake, kibanda cha vioo juu ya ngazi ambamo alikaa akituona wote vichwa. Hakumwita Halima, ambaye wazee wa kiwanda walimheshimu. Aliniita mimi, maana kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Alifunga mlango, akakaa, akasimama tena. Nilidhani ni habari ya ovataimu.

"Nekesa, mnakula nini huko kwa Halima?"

"Ugali, Mista."

"Usinichezee. Nimeambiwa mnaingia mmoja mmoja. Mnatoa viatu. Mnaweka miguu kwa maji iko na kitu ndani, halafu kila mtu anasema maneno na wengine wananyamaza. Halafu hayo maji inamwagwa kwa siri." Akainama mezani, sauti ikashuka. "Mimi nimezaliwa hapa. Cucu, nyanya yangu, alinionyesha nyumba zenye watu walikuwa wanalishwa kiapo wakati ya wazungu. Mnaapa nini?"

Nilitaka kucheka na kicheko hakikutoka, kwa sababu niliona jasho kwenye paji la uso wake. Mtu huyo alituogopa kweli. Miaka ile watu walikamatwa kwa kukusanyika tu, na yeye alikuwa na kiapo upande mmoja wa kichwa na chama cha wafanyakazi upande wa pili. Wanawake wenye miguu iliyovimba hawakuwa na pa kupita hapo katikati. Nikamweleza ukweli wote: kwamba tunaulizana siku ilikwendaje, kwamba kilichomo ndani ya maji ni chumvi, kwamba siri yenyewe iko chooni.

"Watu wazima hawaulizani hivyo bure," akasema.

"Basi vua viatu, Mista, nikuulize."

Sijui nilipata wapi neno hilo. Akatazama viatu vyake vyeusi vilivyong'aa, nikaona kwamba anafikiria. Kisha akakumbuka yeye ni nani. Akaniambia Jumatatu kutakuwa na majina ya kuandikwa, na langu linaweza kuwa la kwanza. Nimpe majina ya wanaokuja kwenye karai, niache mambo hayo, nibaki ovataimu kila siku kuanzia Ijumaa. La sivyo, Jumatatu nisijisumbue kusimama getini.

Maneno aliyonisomea Kariuki yalikuwa yametoka kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alilala nyuma ya magazeti yetu. Jioni hiyo nilimwambia Halima kwa kunong'ona kwamba Baba Kimani ametuuza, tuseme polepole. Halima hakunong'ona. Aliinua sauti yake yote. "Hapana! Tutaongea vile tunaongea. Shida yake amesikia nusunusu. Leo asikie vizuri." Akaniuliza swali la kwanza kwa sauti ya kuuzia samaki sokoni, nami nikamjibu vivyo hivyo kwamba leo nimemwambia Kariuki avue viatu. Upande wa pili redio ilizimwa. Wanjiru, aliyekuwa amekuja na wenzake wa karai, alicheka mpaka akashika mbavu.

Lakini baadaye, chakula kikiwa kimeiva na wengine wameondoka, Halima aliniambia jambo ambalo liliniumiza kuliko vitisho vya Kariuki. "Ijumaa king'ora kikilia, ukisimama, usinigeukie. Mimi sitasimama. Niko na Rehema na mama yangu Majengo, wanakula kwa hii mikono. Usisimame kwa sababu yangu. Kama ni ya kusimama, simama kwa sababu yako." Niliumia, nasema waziwazi. Nilikuwa nimemtarajia awe mbele na mimi nyuma, kama siku zote. Nilikwenda upande wangu wa pazia, nikatazama mguu wangu, na usingizi ukachelewa kuja.

Ijumaa king'ora kililia, na hakuna aliyeinuka, hata wenye watoto wachanga. Kariuki alikuwa amesimama kwenye ngazi zake, mikono nyuma. Nilikuwa na kola mkononi, nusu imeshonwa. Nikaimaliza, maana sikutaka mtu aseme nimekimbia kazi mbovu. Nikazima mashine. Nikavua aproni, nikaikunja, nikaiweka juu ya mashine. Wanjiru aliinuka nusu, kisha akarudi akaketi, na sikumlaumu wala simlaumu leo. Halima nilimpita kwa nyuma. Alikuwa ameinama, sindano yake inakwenda bila kusita. Ukumbi ule ulikuwa mrefu kuliko nilivyoujua. Nilipofika nje uani nikasikia viatu vya Kariuki nyuma yangu.

"Ukitoka, usirudi!"

"Sijakuomba kurudi."

"Kimani! Hiyo geti isifunguliwe!"

Baba Kimani alikuwa ameshika funguo zake kwa mikono yote miwili, kofia imemteremka. "Rudi ndani, mami," akaniambia kwa sauti ndogo. "Rudi tu, yaishe."

"Fungua."

"Umesikia vile ameniambia."

"Nimesikia vile amekuambia," nikasema. "Fungua."

Nyuma yangu Kariuki aliita tena. Kisha Baba Kimani aligeuza mgongo, akachagua ufunguo, akafungua mlango mdogo ulio ndani ya geti, akaushikilia usinigonge nilipokuwa nikipita. Nilimpita bila kumshukuru, kwa kuwa bado nilikuwa nimemkasirikia.

Nitasema matokeo hapa hapa, mtu asije akafikiri nayaficha. Jumatatu sikusimama getini. Sikuandikwa, wala sikuwahi kuandikwa popote maishani. Nilihamia Ruiru, nikaanza kushona kwenye baraza ya duka la mtu, baadaye kwenye chumba changu mwenyewe, mashati mazima, kuanzia kola mpaka pindo la chini. Saa kumi na moja nafunga. Wateja walinitukana kwa hilo, wengine wakaenda kwa mafundi wanaoshona mpaka usiku, nami nikawaacha waende. Kulikuwa na miezi niliyokunywa chai ya rangi bila sukari kwa sababu ya kufunga saa kumi na moja, na nikafunga vile vile. Kile kiwanda mitumba ilikimaliza, na siku kilipofungwa walioandikwa na vibarua walitoka kwa geti moja. Halima akaja Ruiru kuniangalia, akakaa, akazeeka pale. Hatukuwahi kuacha kuulizana. Wanaosema sisi tulikuwa na maisha rahisi, hatukuwa na mawazo kama ya watu wa siku hizi, wanikome.

Lakini matokeo hayo yalikuwa bado hayajafika ile Ijumaa nilipotoka getini. Niliingia chumbani jua likiwa lingali juu ya mabati, nikapika polepole, nikakatakata vitunguu vyembamba, kwa kuwa nilitaka kuipa mikono kazi. Halima alirudi giza likianza kushika. Aliswali. Wanjiru na wengine hawakuja; nadhani waliona haya, au waliogopa. Halima alitayarisha karai, akaliweka mlangoni kama siku zote, na safari hii alitia miguu yake kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ikawa ni juu yangu kumuuliza.

"Leo umefanya nini chenye hukuambiwa?"

Alitazama maji. Mwanamke huyu ndiye aliyenifundisha swali hilo, na sikuwahi kumwona akilikosea jibu. "Hakuna," akasema. "Nekesa, leo hakuna." Machozi yalimtoka akayaacha yashuke, na mimi hasira yangu yote juu yake ikaisha pale pale. Sikumjibia, kwa sababu hayo ndiyo yalikuwa masharti. Tukakaa hivyo, stovu ikinguruma, chakula kikitokota.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya magazeti, karibu sana, kama ya mtu aliyekaa sakafuni na mgongo wake kwenye mbao.

"Mimi nimefungua geti."

Halima akageukia ukuta.

"Niliambiwa nisifungue," Baba Kimani akasema. "Nikafungua."

Halima alijifuta uso kwa leso. Alitoa miguu yake ndani ya karai, akalibeba mwenyewe, akalitoa nje mlangoni, akaweka stuli pembeni yake. "Zunguka," akaita. "Maji ingali moto." Tukasikia mlango wa jirani ukifunguliwa, na Baba Kimani akaja kupitia kwenye kamba za nguo, ameshika buti zake mkononi.